Runinga yasema 12, nyumba yatetemeka

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Walinena hayo kabla ya runinga kuingia majumbani mwetu, lakini juma hili, msomaji mpendwa, nataka kukuonyesha kwamba methali hiyo yaingia barabara hata katika jambo la sauti ya runinga. Nyumba nyingi siku hizi, za mjini na za mashambani, zina fahali wawili juu ya meza moja. Wa kwanza ni runinga yenyewe. Wa pili ni kile kipaza sauti kirefu kama rula kinacholazwa chini yake, ambacho wauzaji hukiita saundiba. Kila mmoja ana nambari yake ya sauti na kila mmoja ana rimoti yake. Nambari hizo zisipoelewana, wanaoumia ni watu wa nyumba.

Haya si maneno ya kuambiwa. Niliyaona kwa macho yangu likizo ya Aprili, nilipokwenda kumtembelea rafiki yangu wa tangu shuleni, ambaye ni mwalimu na pia mkulima wa majani chai katika vilima vya kati ya Kapkatet na Litein. Msafiri atokaye Nairobi kupitia Narok na Bomet, akifika Kaplong huiacha barabara ya Sotik na Kisii, akashika ile ya kwenda Kericho. Kuanzia hapo ni chai mtindo mmoja, na ng'ambo ya vilima ni Konoin, katika Kaunti ya Bomet, ambako pia ni chai tupu.

Nilipokewa kwa "Chamgei" nyingi na mursik wa kibuyu. Nyumbani humo nilimkuta rafiki yangu, mkewe, mtoto mchanga, kijana wao wa Gredi ya 8, na mzee wao, baba yake rafiki yangu, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya kiwanda cha chai kabla ya kustaafu. Sebuleni palikuwa na runinga kubwa na saundiba mpya, iliyonunuliwa kwa pesa za bonasi ya mwaka uliotangulia.

Ilikuwa imepangwa kwamba kijana yule nirudi naye Nairobi, akae na binamu zake juma moja na kuuona mji. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni tangu Ijumaa.

Jumapili asubuhi, kabla ya saa moja, kijana aliamka akawasha runinga. Mara nyumba nzima ikalipuka kwa sauti. Vioo vya kabati vilitetemeka, mtoto mchanga akaangua kilio, na mama yake, aliyekuwa jikoni, akamwaga sufuria ya maziwa. Rafiki yangu alitoka chumbani mbio.

"Nani aliyeongeza sauti?"

"Si mimi, baba. Tazama, ni 12."

Kweli, kwenye kioo cha runinga ilikuwa imeandikwa 12. Na 12, kwa yeyote aliyewahi kushika rimoti, ni sauti ya kunong'ona. Lakini baba mtu hakushawishika. Ilikuwa mara ya tatu juma hilo. Alisema kijana alikuwa akipandisha sauti kwa mchezo, kisha akisikia nyayo huishusha nambari haraka ili asishikwe. Kijana aliapa. Baba akasema kelele ni kosa moja na uongo ni kosa la pili, na kwamba mtoto mwongo hapelekwi kutembea. Begi likarudishwa chumbani. Safari ikafa.

Mzee alikuwa ameketi papo hapo kwenye kiti chake cha siku zote, akitutazama kwa tabasamu jema, mkono umekamata bakora.

Waya wa kutazama kwanza

Mgala muue na haki yake umpe. Mimi si fundi wa redio wala si hakimu, lakini kilio cha kijana yule hakikuwa kilio cha mtu aliyeshikwa, kilikuwa cha mtu aliyeonewa. Basi baada ya chai nilimwomba rafiki yangu ruhusa, nikaigeuza runinga kidogo nitazame nyuma yake. Hapo ndipo penye jibu la mambo mengi ya namna hii, na ningependa nawe msomaji upatazame leo, maana saundiba huweza kuunganishwa na runinga kwa njia nne, na kila njia ina tabia yake juu ya nambari ya sauti.

Ya kwanza ni waya mwembamba wa mwanga, unaoingia katika tundu lililoandikwa OPTICAL. Njia hii ilibuniwa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka 1983, na kazi yake ni moja tu, kupeleka sauti. Haipeleki amri na hairudishi habari. Runinga haina namna ya kujua saundiba imefika nambari gani, na kwa kawaida ukibonyeza rimoti ya runinga, saundiba haina habari nawe.

Ya pili ni tundu dogo la duara ambalo vijana huchomeka visikilizio vyao. Hapa sauti hutoka kwenye runinga ikiwa tayari imepimwa na nambari ya runinga, kisha saundiba nayo huipima upya kwa nambari yake. Ni kama bomba moja la maji lenye koki mbili. Ukifungua moja kabisa na kuikaza nyingine, maji hayatoki, na mtu ataapa kwamba koki yake iko wazi.

Ya tatu ni ile isiyo na waya, Bluetooth. Mara nyingi nayo ni ya koki mbili vilevile. Kuna vyombo vinavyopatana na kuonyesha nambari moja, na kuna visivyopatana.

Ya nne ni waya wa HDMI, uliochomekwa katika lile tundu lenye maandishi ARC. Hii ndiyo njia ya kutamaniwa. Ilikuja na toleo la HDMI la mwaka 2009, na ndugu yake mkubwa aitwaye eARC alikuja na toleo la mwaka 2017. Waya huo hupeleka sauti kwenye saundiba, na ndani yake mna uzi mwingine wa kupelekea amri, ujulikanao kwa herufi CEC. Ukibonyeza rimoti ya runinga, runinga hutuma amri: "Ongeza." Saundiba huongeza, kisha hurudisha jibu: "Nimefika hapa." Runinga nayo huliandika jibu hilo kwenye kioo.

Wakulima wa chai wataelewa upesi nikisema hivi. Saundiba ni mizani ya pale kituoni mnapopeleka majani, na runinga ni karani. Karani anayeiona mizani huandika kilo zilizopimwa. Karani asiyeiona ama haandiki kitu, ama huandika nambari yake ya kubuni. Na ni nani kati yenu angekubali kulipwa kwa nambari ya kubuni?

Nyuma ya runinga ya rafiki yangu palikuwa na waya wa mwanga. Karani alikuwa amefungwa macho. Zaidi ya hayo, vipaza sauti vya runinga yenyewe vilikuwa bado vinafanya kazi pamoja na saundiba, kwa hiyo ile 12 ilikuwa nambari ya sauti ya runinga peke yake. Juu ya saundiba haikusema lolote.

Rimoti ya pili

Nilipofika hapo nikajiuliza: ikiwa rimoti ya runinga haiigusi saundiba, basi ni nani aliyekuwa akiipandisha? Nikauliza kama kuna rimoti nyingine, ile ndogo inayokuja na saundiba. Mama wa nyumba alisema ilipotea tangu juma la kwanza. Rafiki yangu alisema watoto waliitupa.

Mzee alikuwa akinitazama mikono. Nilipomwonyesha kwa ishara kitu kidogo cha kubonyeza, uso wake uling'aa. Akaingiza mkono chini ya mto wa kiti chake akaitoa.

"Hii ni yangu," alisema kwa sauti kubwa. "Bila hii, habari za usiku sizipati hata kidogo."

Basi mambo yote yakaeleweka. Aprili katika Kericho na Bomet ni mwezi wa mvua, na mvua ya huko si ya mzaha. Nyanda hizo ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Nyumba imeezekwa mabati. Usiku wengine wakiwa wamelala, mzee hubaki kusikiliza habari, mvua ikipiga mabati hata usiweze kumsikia mtu aliye karibu nawe. Mzee huongeza sauti, na tena, na tena. Mvua hiyohiyo inayomfanya aongeze ndiyo inayowafunika waliolala wasisikie. Kisha huzima na kwenda kulala. Asubuhi mvua imekatika, nyumba imetulia, na mtu wa kwanza kuwasha ndiye anayepokea sauti ya jana usiku. Naye mara zote alikuwa kijana, kwa sababu ndiye anayeamka mapema.

Saundiba ile huonyesha nambari yake kwa sekunde chache tu baada ya kubonyezwa, kisha nambari hufifia. Nilipobonyeza ile rimoti ndogo mara moja, ilionyesha 31, na mwisho wake ni 40. Huku runinga ikisema 12.

Rafiki yangu aliketi. Alimtazama mzee, akamtazama kijana aliyesimama mlangoni, kisha akainama. Nilidhani anafikiria juu ya begi. Baadaye aliniambia alikuwa akifikiria jambo jingine: kwamba asubuhi yote ile, yeye akifoka na mtoto akilia, mzee alikuwa akitabasamu kwa sababu hakusikia neno hata moja.

Namna ya kuwapatanisha

Tulikwenda Litein kesho yake, tukanunua waya wa HDMI, tukarudi tukaanza kazi. Naandika hatua zenyewe kwa utaratibu, ili hata mwanafunzi aliye likizoni aweze kuzifuata nyumbani kwao.

Kwanza, zima vyombo vyote viwili na uvichomoe ukutani. Tafuta nyuma ya runinga tundu la HDMI lenye herufi ARC au eARC. Aghalabu ni moja tu kati ya matundu mawili au matatu, na watu wengi hukosea hapa. Kwenye saundiba pia tafuta herufi hizohizo. Iwapo saundiba ina matundu mawili ya HDMI, lile la IN si lako, hilo ni la kuingizia vyombo vingine. Lako ni lile lenye ARC. Runinga isiyo na herufi hizo popote, hasa ya kabla ya 2009, haiwezi kufuata njia hii, na mwenye nayo asidanganywe dukani kwamba waya wa bei ghali utamsaidia.

Pili, chomeka, washa, kisha ingia katika orodha ya mipangilio ya runinga uwashe CEC. Hapa watengenezaji wametuchezea, kwa kuwa kila mmoja amekipa kitu hichohicho jina lake. Kwa Samsung ni Anynet+, kwa LG ni Simplink, kwa Sony ni Bravia Sync, kwa Philips ni EasyLink, kwa Panasonic ni Viera Link. Wengine huandika HDMI-CEC basi. Ukiona jina lolote kati ya hayo limezimwa, liwashe. Saundiba nyingine nazo zina swichi yao ya CEC, iangalie pia.

Tatu, katika sehemu ya sauti, iambie runinga itoe sauti kupitia HDMI ARC, na uvinyamazishe vipaza sauti vya runinga yenyewe. Vikiachwa vikisema pamoja na saundiba, utasikia mwangwi, na utarudi kwenye fahali wawili.

Nne, ijaribu. Bonyeza rimoti ya runinga. Ikiwa sauti ya saundiba yapanda na kushuka na nambari yaonekana kwenye kioo, kazi imekwisha. Ikiwa sauti yapanda lakini kioo hakionyeshi nambari, usidhani umekosea. Kuna runinga ambazo huonyesha alama ya kujumlisha na kutoa tu, na kuna saundiba zisizorudisha jibu. Hapo utaisoma nambari usoni mwa saundiba yenyewe.

Tano, ikiwa hakuna kilichobadilika, vichomoe vyote viwili ukutani, ungoje dakika chache, uvirudishe. Vyombo hivi husalimiana vinapowashwa, na salamu hiyo huharibika umeme ukikatika ghafla na kurudi. Katika nchi ya radi kama ile, jambo hilo ni la kila mara. Baadhi ya saundiba zikipoteza umeme hurudia nambari ya kiwandani, ndiyo maana mtu huacha sauti hapa na kuikuta pale. Kwa usalama wa vyombo, ngurumo zikianza chomoa umeme na waya wa antena, usisubiri ya pili.

Sita, jaribu waya mwingine, na uone kama runinga au saundiba yahitaji programu mpya. Runinga hujiletea kwa intaneti, na saundiba nyingine huletewa kwa kijiti cha USB.

Hayo ndiyo tuliyofanya. Tulipomaliza, mama wa nyumba alibonyeza rimoti ya runinga, saundiba ikatii, makofi yakapigwa. Kisha kijana akatoa sauti ya mshangao. "Anko, tazama. Runinga inasema 50, na saundiba inasema 20!"

Msomaji, usiogope ukikuta hivyo. Hapo hapana ugomvi, ni vipimo viwili tofauti. Saundiba ile ina ngazi 40 toka chini hadi juu, na runinga huhesabu kwa mia. 20 ya 40 ni nusu, na nusu ya 100 ni 50. Mmoja anasema futi na mwingine anasema mita, lakini ukuta ni uleule. Saundiba ya ngazi 50 ikisimama kwenye 12, runinga ya namna hiyo itaandika 24. Mwanafunzi anayelalamika kwamba hesabu za sehemu na asilimia hazina kazi maishani, na aipige hesabu hiyo sebuleni kwao.

Kuna fahali wa tatu ambaye husahauliwa. Huyo ni king'amuzi. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya zamani ya runinga mwaka 2015 na kuhamia dijitali, nyumba nyingi hupata picha kupitia king'amuzi, na ving'amuzi vingi vina nambari yao ya sauti. Ikiwa mtoto ameishusha hadi 5, utaisukuma saundiba hadi juu na bado utasikia mnong'ono. Kisha ukihamia kwenye filamu ya kijiti cha USB, ambayo haipiti kwenye king'amuzi, paa litaruka. Dawa yake ni kukipandisha king'amuzi karibu na mwisho, ukiache hapo daima, na kazi ya kupandisha na kushusha uiache kwa chombo kimoja.

Kwa ninyi mlio mjini, mliowapelekea wazazi vyombo hivi wakati wa Krismasi na sasa mnapigiwa simu kwamba vimeharibika, nina neno. Usimwambie mama kwenye simu afungue mipangilio. Muulize maswali matatu tu. Kuna rimoti ngapi nyumbani, na kila moja iko kwa nani? Waya unaotoka kwenye saundiba ni mnene wenye kichwa bapa, au ni mwembamba wenye kichwa kidogo? Akibonyeza rimoti kubwa, ni uso upi unaobadilika nambari, wa runinga au wa saundiba? Majibu hayo yatakuambia karibu kila kitu, na mama hatajiona mjinga.

Nambari si sauti

Zamani katika vilima vile runinga ilikuwa moja kijiji kizima, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari, nayo ilikuwa na kitasa kimoja. Aliyekizungusha kitasa alionekana na kila mtu. Leo kitasa ni nambari, na nambari imekaa mahali pawili au patatu, na tumeizoea hata tumeiamini kuliko masikio yetu. Rafiki yangu alisikia kelele, akaona 12, akaamua mtoto ni mwongo. Lakini hata nambari iliyo sahihi haipimi sauti. Inasema tu kitasa kimezungushwa kiasi gani. 20 ya chombo kimoja ni mnong'ono, na 20 ya kingine yaweza kuwa ngoma.

Kipimo cha sauti yenyewe ni desibeli, na hicho ndicho kinachohusu afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa juma bila kuhatarisha masikio. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda huo hukatwa nusu. Kwa hiyo sauti ikifika desibeli 90, muda salama ni saa 4 tu kwa juma zima. Kwa watoto shauri ni kali zaidi, desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Mtoto anayelazwa sebuleni karibu na saundiba anapokea kitu ambacho hawezi kukikataa.

Nao waliofanya kazi penye mashine wamekwisha kutoa sehemu yao. Chai nyingi ya Kenya hupitishwa katika mashine za chuma zinazoikata, kuirarua na kuikunja, na mngurumo wake haupumziki zamu nzima. Nchini Kenya, Kanuni za Kelele Kazini za mwaka 2005 ziliweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa nane na kutaka wafanyakazi wakingwe masikio. Wazee wengi walistaafu kabla ya kanuni hizo. Masikio yaliyochakaa kwa kelele hayapigi yowe. Huanza kwa kupoteza sauti nyembamba, zile za herufi kama s, f na t, hata mtu akasikia kwamba mnasema asijue mnasema nini. Kisha kwa kuona haya huanza kutabasamu tu.

Kwa hiyo nambari inayopanda nyumbani kwako usiku baada ya usiku yaweza kuwa inakuambia jambo. Usiishushe tu, uliza ni nani anayeihitaji. Mzee akiongeza sauti kila juma, mpeleke apimwe masikio. Huenda ni nta, na nta hutolewa. Huenda ni kitu kikubwa zaidi, na kuna vifaa vya kusaidia. Msogeze kiti chake karibu na runinga. Saundiba nyingi zina kitufe cha kukuza maneno kuliko muziki, kiwashe anaposikiliza habari. Na mnapozungumza naye, mtazameni usoni.

Rafiki yangu alimpeleka mzee hospitalini juma lililofuata. Nta ilitolewa, akapata nafuu kidogo. Iliyobaki, daktari alisema, ni kazi ya mashine, na sasa wanatafuta kifaa cha kuvaa sikioni. Ile rimoti ndogo hawakumnyang'anya. Bado iko chini ya mto wake, ila sasa akiibonyeza, nambari mpya hutokea kwenye kioo cha runinga, na yeyote atakayeamka asubuhi ataiona kabla haijamrukia.

Na kijana? Jioni ile tuliyomaliza kazi, baba yake hakutoa hotuba. Wanaume wa vilima vile, kama wa kwetu, si wepisi wa neno "samahani". Alimaliza chai yake, akasafisha koo, akasema huku akitazama dirisha:

"Nenda ulilete lile begi. Gari la Nairobi ni saa kumi na mbili asubuhi."

Kijana alilileta. Halikuwa limefunguliwa.

Hadi Jumapili ijayo, washa runinga yako leo, ubonyeze mara moja, utazame ni uso upi unaojibu.